Kipimo cha Choo cha Baba Mkwe

Nikiulizwa kazi yangu harusini au msibani, nasema niko maabara. Akitokea mdadisi akataka kujua maabara ya nini, nasema damu. Ni uongo. Mimi ni mtu wa choo. Kwa miaka kumi na moja nimeinamia hadubini huku Temeke nikitafuta mayai ya minyoo kwenye vinyesi vya watu, na kazi hiyo naipenda kupita kiasi. Ila nimegundua kwamba nikisema ukweli, mtu huikagua kwanza mikono yangu ndipo apokee sahani ya pilau. Kwa hiyo nasema damu, tukae kwa amani.

Mwaka juzi mradi mmoja wa utafiti ukatuletea mashine ya kupima vinasaba. Ilikuja kwenye kasha la mbao, ikawekwa katika chumba tulichokuwa tunatunzia mafaili, na fundi akakaa nasi wiki mbili kutufundisha, mimi na mwenzangu, binti aliyetoka chuoni si zamani. Ukubwa wake ulikuwa wa oveni ndogo tu. Nilipoiona mara ya kwanza niliikasirikia. Miaka kumi na moja shingo inaniuma, halafu kisanduku kije kunifundisha minyoo?

Hasira ziliisha siku ya tatu. Kwa hadubini unatafuta yai kwa macho, na yai lisipokuwemo kwenye kile kitone ulichopaka juu ya kioo, unaandika hakuna, na mgonjwa anarudi nyumbani na minyoo yake. Mashine haitafuti yai. Unachukua kinyesi kidogo, unakitikisa pamoja na vishanga vigumu mpaka maganda ya mayai yapasuke, unasafisha na kusafisha tena, unabakiwa na maji meupe yenye vinasaba vya kila kilichokuwa kinaishi tumboni humo. Mashine inatafuta kipande kidogo cha kinasaba cha mnyoo unayemtaka, inakirudufu kiwe viwili, vinne, vinane, mpaka vinakuwa vingi kiasi cha kutoa mwanga. Kwenye skrini unaona mstari umelala, umelala, umelala, mara unanyanyuka. Siku mstari wa minyoo ya safura uliponyanyuka kwenye sampuli ambayo mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya, nilikuwa nimeiandikia hakuna, nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Niliaibika kidogo. Nilifurahi zaidi.

Mambo haya yangebaki ya kazini kama si baba mkwe.

Tulikuwa tunaishi naye nyumbani kwetu Chang'ombe tangu alipofiwa na mkewe. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka bara, Msabato wa moyo wote: pombe hagusi, kahawa hagusi, na nguruwe hata jina lake halitamki. Alinipenda, hilo nalijua, lakini alinipenda kwa mbali, kama desturi ya kwao inavyotaka. Kwao mke wa mwana anaheshimiwa mpaka inachosha. Hakula nami meza moja. Nguo zake zilifuliwa na mwanawe. Akitaka kwenda chooni na mimi niko uani, alikohoa kwanza, akanisubiri nijifanye nina shughuli ndani, ndipo akapita akiangalia ukuta. Miaka mitano tuliishi hivyo, na sikuwahi kumwona kifua wazi hata katika joto la Februari.

Basi mwaka huo uso wake ukaanza kuvimba asubuhi, na miguu jioni. Daktari wa figo, mama mmoja mkali asiyependa maelezo marefu, akasema figo zinavuja protini, atampa vidonge vya steroidi, dozi kubwa. Lakini kwanza alitaka kipimo cha choo, na kwa kuwa alijua mashine iko kwetu, akanipigia mimi. Alinieleza jambo ambalo nilikuwa nalijua vitabuni tu. Kuna mnyoo mmoja mdogo, mwembamba kuliko uzi. Jina lake la kitaalamu ni refu, sisi maabara tunamwita stronji. Unampata kwa kutembea peku kwenye udongo, na unaweza kukaa naye miaka arobaini bila habari, maana anazaliana humo humo mwilini. Ukimpa steroidi mtu mwenye stronji, kinga yake inalala, na minyoo inapata uhuru wa kwenda itakako. Inaingia mapafuni. Inapanda mpaka kichwani. Wengi hawaponi.

"Si umpe dawa ya stronji kwanza, yaishe?" nikamwambia.

"Hii si dawa ya minyoo ya kununua duka lolote," akanijibu. "Inaombwa kwa fomu, na fomu bila jibu la maabara hairudi na kitu. Niletee jibu. Nina wiki mbili. Zikipita, Jumatatu inayofuata namwanzishia, figo zake hazisubiri."

Mume wangu ndiye aliyekuwa akimsaidia baba kuoga siku hizo za kuvimba. Nilipomuuliza kama ameona chochote, alisema mzee anajikuna sana kiunoni, na pale panapomuwasha kuna mstari mwekundu ambao asubuhi uko mahali pamoja na jioni umehama kiasi cha upana wa kiganja. Stronji huyo! Mstari huo nilikuwa na picha yake kitabuni, na sasa unatembea ndani ya nyumba yangu, umbali wa hatua kumi kutoka jikoni, na mimi siruhusiwi kuuona.

Kumkabidhi baba mkwe kopo la choo mkononi lilikuwa jambo lisilofikirika. Nilimpa mume wangu ampelekee. Siku tatu mfululizo kopo lilirudi asubuhi limefungwa ndani ya mfuko mweusi, nami kwa mwandiko wangu nikaandika jina la mzee. Nikaangalia kwa hadubini, mwenzangu naye akaangalia. Hakuna kitu. Sikushtuka, maana stronji ni mwerevu, mayai yake hayatoki chooni, vinatoka vijiminyoo vichache tu, leo vipo na kesho havipo. Wiki ya pili nikaomba kopo la nne, Jumatano nikaliingiza kwenye mashine.

Tulikaa mbele ya skrini kama watu wanaotazama mpira. Mstari wa stronji ukalala. Ukaendelea kulala. Nikauhimiza kwa sauti, nikausemesha, ukalala mpaka mwisho. Nilitaka kuipiga mashine teke.

"Dada, cheki huku," mwenzangu akasema.

Tulikuwa tumepanga mashine itafute minyoo kadhaa kwa mpigo, kila mmoja na rangi yake. Kwenye rangi ya tegu, ule mnyoo mrefu bapa, mstari ulikuwa umenyanyuka wima. Na uzuri wa mashine ni huu: kwa hadubini yai la tegu wa ng'ombe na la tegu wa nguruwe huwezi kuyatenganisha hata ukodoe macho hadi kesho. Mashine inayatenganisha. Huyu hakuwa wa ng'ombe.

"Mzee si ulisema Msabato?"

"Msabato."

"Basi Msabato wako anapiga kitimoto, dada."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikajishika, nikasema labda tumechafua sampuli, labda pipeti ya kunyonyea maji ilikuwa na mabaki. Alhamisi nikarudia kazi yote toka mwanzo, kwa vifaa vipya, na safari hii nikaweka sampuli ya maji matupu pembeni kama shahidi. Maji yakalala. Tegu akanyanyuka pale pale aliponyanyuka jana. Nilikuwa nimechangamka kupita kiasi. Nilirudi nyumbani jioni hiyo na siri tamu kuliko zote nilizowahi kubeba, nikamkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda uani, anachambua mchicha.

"Baba anakula kitimoto," nikamnong'oneza.

Nilitegemea acheke, au akasirike. Akaweka mchicha chini.

"Nani kasema?"

"Mashine. Kakutwa na tegu wa nguruwe, nimepima mara mbili."

"Umemwambia nani?"

"Mwenzangu wa kazini. Kesho namwambia daktari."

"Daktari usimwambie."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nimekaa na mwanaume huyu miaka tisa, jasho la juu ya mdomo nalifahamu.

"Kile choo si cha mzee," akasema. "Cha kwangu."

"Kipi?"

"Vyote."

"Vyote vinne?"

"Alikataa katakata, mke wangu. Akasema mkono unaompakulia ugali hauwezi kushika haja yake. Akaniambia, wewe mwanangu, sie damu moja, chako na changu ni kitu kimoja, peleka chako. Ningefanyaje sasa, nimkatalie baba?"

"Na kitimoto?"

"Nakulaga mara moja moja tu. Pale Ubungo, na washkaji, tukitoka kazini."

"Mbichi?"

"Siku zingine wanawahisha jikoni," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja glasi.

Nikamtupia fungu zima la mchicha kifuani. Naomba nieleweke, nguruwe si tatizo langu, kwetu tunafuga. Hata tegu wake hakuniudhi sana, ingawa tegu huyo si wa kuchekea, mayai yake yakimwingia mtu yanaweza kumfikia ubongoni, na wiki iliyofuata nyumba nzima tulipanga foleni ya kupimwa. Kilichonipandisha hasira mpaka masikio yakawaka ni kwamba nilikuwa nimempima mume wangu mara nne, kwa hadubini na kwa vinasaba, wakati baba yake hajapimwa hata mara moja. Wiki mbili zimeisha. Leo Alhamisi, Jumatatu mzee anameza steroidi, na karatasi yangu kwa mwandiko wangu inasema hana stronji. Ningemuua kwa jibu safi kabisa.

Nilitua mkoba wa kazini, nikaenda barazani.

Baba mkwe alikuwa amekaa na Biblia mapajani, miguu iliyovimba imepumzika juu ya stuli. Nilikaa kwenye ngazi nikampa ubavu, kama heshima inavyotaka, nikasema huku nikitazama uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nimeshajua kuhusu makopo."

Nilisikia akifunga Biblia.

"Basi umejua," akasema mwishowe. "Sikutaka kukudanganya. Lakini wewe ndiye unayenipakulia. Nikishajua kwamba umeona haja yangu, chakula chako nitakilaje? Bora nife na heshima yangu."

"Utakufa kweli, baba."

"Tutakufa sote."

Nilitaka kumfokea mzee wa watu. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Badala yake, sijui lilitoka wapi, nikakumbuka kwamba kila mwaka alikuwa akiitwa kusahihisha mitihani ya darasa la saba, na kwamba hilo ndilo jambo la ualimu wake alilojivunia kuliko yote.

"Baba, mlipokuwa mnasahihisha, mlikuwa mnajua karatasi ni ya mtoto wa nani?"

"Hapana. Namba tu."

"Hata kama ni wa kwako?"

"Hata huyo mumeo alifanya mtihani mwaka ambao nilikuwa nasahihisha. Huenda karatasi yake ilipita mikononi mwangu. Mpaka leo sijui. Ndiyo haki yenyewe hiyo."

"Basi kesho uwe namba."

Nikamweleza haraka haraka, nikiogopa asinikatize. Kopo atampa muuguzi kule hospitali, si mimi wala mwanawe. Mwenzangu atalifuata, ataliweka pamoja na mengine kumi na moja ya mradi, atabandua majina yote na kuandika namba. Orodha ya nani ni namba ngapi atakaa nayo yeye na daktari. Mimi nitaletewa vichupa kumi na viwili vya maji meupe visivyo na mwenyewe, na majibu nitayapeleka kwa namba. Sitakiona kinyesi, na hata mstari ukinyanyuka sitajua ni wa nani.

Aliifungua Biblia, akaifunga tena.

"Huyo mwenzako ana siri?"

"Anayo, baba."

"Na wewe hutamuuliza?"

"Simuulizi."

"Hata yeye akitaka kukuambia?"

"Nitaziba masikio."

"Neno lako?"

"Neno langu, baba."

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa hospitali, yeye na mwanawe. Saa nne mwenzangu alijifungia na makopo. Saa nane mchana niliwasha mashine, nikakaa, nikainuka, nikakaa tena. Sijawahi kuwa na hamu ya kitu namna ile. Na nilijishangaa, maana nilikuwa nikiomba baba mkwe wangu awe na minyoo. Niliomba kwa maneno kabisa. Kama stronji yumo, tutamtoa. Kama hayumo wakati mstari ule unatembea kiunoni, basi nimeshindwa kumtafuta, na Jumatatu atameza vidonge vile akiwa naye.

Safura akanyanyuka kwenye namba mbili na namba saba. Mistari ya stronji ilikuwa imelala yote kumi na miwili. Ikapita mizunguko ishirini ya mashine, ikapita ishirini na tano. Kwenye mzunguko wa thelathini mmoja ukainua kichwa. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Ukapanda, ukapanda, mzuri, safi, haukusitasita.

Namba tisa.

Nilipiga kelele, nikamgeukia mwenzangu nikiwa nimeshafungua mdomo kuuliza. Alikuwa amenipa mgongo, anaosha mikono, anaosha mikono iliyokwisha kuwa safi. Mabega yake hayakuniambia lolote. Nikaufumba mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka ule.

Bahasha ikaenda kwa daktari kabla jua halijazama. Nikabaki na namba tisa yangu kuanzia Ijumaa hiyo hadi Jumatatu. Jumamosi mzee alikwenda kanisani, akarudi, akala chakula chake barazani, akashukuru. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho kama mtu anayetafuta namba iliyoandikwa kwenye shati. Jumapili nilisafisha nyumba ambayo ilikuwa safi. Mume wangu, aliyekwisha kumeza dawa yake ya tegu na kuapa kwamba Ubungo hataiona tena, alinisihi nimpigie tu mwenzangu simu. "Nani atajua?" akasema. Nilimwambia nyumba hii imechoka na watu wanaosema nani atajua.

Na mashaka yalikuwepo. Wale kumi na mmoja wengine nao ni binadamu, wamekanyaga udongo ule ule. Namba tisa angeweza kuwa mama yeyote wa Mbagala.

Jumatatu wakaondoka asubuhi. Niliomba ruhusa kazini, nikasema naumwa kichwa, na kwa kweli kilikuwa kinauma. Saa saba nikasikia geti. Mume wangu alipita moja kwa moja kwenda kukaa chini ya feni, na nilipochungulia kumuuliza kwa macho, akanionyesha kwa kidole kwamba nigeuke.

Baba mkwe alikuwa mlangoni mwa jikoni. Katika miaka yote ile hakuwahi kukanyaga jikoni kwangu. Alisimama kwenye kizingiti na viatu vyake vya kanisani, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, mwingine una pakiti ndogo ya vidonge na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliifungua karatasi ile taratibu, akaigeuza nipate kuisoma, akaniangalia usoni, si ukutani.

"Hukuuliza," akasema.

"Sikuuliza, baba."

"Basi nakuambia mwenyewe. Namba tisa ni mimi."

Mwiko wa ugali ulinitoka mkononi.

"Vya figo daktari ataanza kunipa wiki ijayo," akaendelea, akiinua ile pakiti. "Kasema kwanza hivi vimalize kazi. Kasema angenipa vile vingine leo, usingenikuta mwezi ujao."

Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja, nikapiga kigelegele ambacho majirani walikisikia, nikasema, "Umefaulu, baba! Umefaulu!"

"Nimefaulu nini, mwanangu," akasema, "si nina minyoo?"

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Una minyoo. Mungu ashukuriwe."